Upinde usio na pini: wawindaji wetu walilenga namna gani?

Kitshanga, Masisi. Mbele ya kibanda cha kuchajisha simu, kijana mmoja alikuwa akimwonyesha mzee video ya mwindaji wa Marekani. Katika video ile mtu ameshika upinde wa chuma wenye magurudumu mawili. Ubavuni mwa upinde kuna kiduara cheusi, na ndani yake zimepangwa pini ndogo tano za rangi rangi, moja chini ya nyingine.

“Papa, angalia huyu muzungu,” kijana akasema. “Upinde yake iko na macho tano.”

Mzee akashika simu, akaisogeza mbali na macho yake, akaangalia mpaka mwisho. Kisha akarudisha. “Macho tano ya nini, mutoto? Nyama iko moja tu.”

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini nikamfuata mzee njiani kumwuliza. Ni mtu wa upande wa Walikale, alikotoka akikimbia vita zaidi ya mara moja. Aliwahi kulala kambini Mungote, na vita vilipofika Kitshanga mwishoni mwa Januari 2023 akakimbia tena. Jina lake siliandiki, na wasomaji wetu wanajua sababu. Katika ujana wake aliwinda kwa upinde. Kwa maongezi yetu ya siku mbili, nimeona ni vizuri kuandika historia hii, kwa sababu watoto wengi waliozaliwa kambini wanajua bunduki za aina nyingi kwa jina, lakini upinde wa babu zao hawajaushika.

Tuanze na zile pini, maana swali la mzee si la kuchekesha tu.

Mshale hauendi moja kwa moja kama watu wanavyofikiri. Tangu unapoacha uzi, unaanza kuanguka. Tuchukue upinde wa mti unaorusha mshale kwa mwendo wa mita 30 kwa sekunde. Nyama akiwa mbali ya mita 10, mshale unafika kwa theluthi moja ya sekunde, na kwa muda huo umeshuka karibu sentimita 54 chini ya mstari ulioelekezwa. Akiwa mita 20, umeshuka zaidi ya mita mbili. Akiwa mita 30, ni karibu mita tano, yaani kimo cha nyumba. Kwa hiyo anayelenga mbali lazima aelekeze mshale juu ya nyama, na aelekeze juu kiasi gani? Hapo ndipo ugumu wote wa upinde unapokaa.

Pini tano ni jibu la Wamarekani kwa swali hilo. Kila pini ina umbali wake. Ya juu kabisa mara nyingi ni ya yadi 20, ambayo ni kama mita 18. Inayofuata ni ya yadi 30, kisha 40, na kuendelea. Mwindaji anakadiria nyama yuko mbali kiasi gani, anachagua pini ya umbali huo, anaiweka juu ya mahali anapotaka kupiga, anaachia. Pini ya chini inamlazimisha kuinua mkono zaidi, basi mshale unaruka juu zaidi na kuanguka mahali pake.

Lakini pini hazitoki dukani zikiwa tayari. Lazima zipangwe kwa upinde ule, kwa mishale ile, kwa mikono ya mtu yule. Anaanza karibu, kama mita 10, ili asipoteze mishale. Anarusha mitatu, si mmoja, kwa sababu mshale mmoja unaweza kudanganya lakini mitatu ikikaa pamoja inasema kweli. Kama yote imeenda kushoto, anafungua skrubu na kusogeza pini kushoto. Kama yote imepita juu, anapandisha pini juu. Mtu anayesikia hivyo mara ya kwanza anaona ni kinyume, lakini fikiria: ukipandisha pini, itabidi ushushe mkono ili pini irudi kwenye shabaha, na mkono ukishuka mshale nao unashuka. Kanuni yao ni kwamba pini inaufuata mshale. Akimaliza anarudi nyuma mpaka yadi 20, anapanga ile ya juu sawasawa, kisha 30, kisha 40. Kuna hata chombo kidogo chenye povu ndani ya maji, kama nivo ya fundi mwashi, ya kumwonyesha kama ameinamisha upinde upande. Na kwenye uzi wanatia tundu dogo la kuchungulia, ili jicho likae mahali pale pale kila mara.

Nilimweleza mzee haya yote. Alisikiliza vizuri. Akaniambia kwamba hao watu si wajinga, wamefanya kazi. Kisha akauliza: na nyama anamngoja huyo mtu huku akichagua pini?

Kwa maelezo yake, katika pori la Walikale swali la mita 40 halikuwapo. Pori ni zito. Huoni mita 40. Unaona majani, na kitu kinachotikisika nyuma ya majani, na mara nyingi huoni hata hicho, unasikia tu. Mboloko au nguruwe wa pori ukimwona, yuko hatua 10 au 15, na baada ya kufumba na kufumbua hayuko tena. Kwa hiyo kazi ya mwindaji ilikuwa kupunguza umbali mpaka mshale usiwe na nafasi ya kuanguka. Kama nyama yuko hatua nane, hakuna haja ya pini ya pili.

Namna ya kupunguza umbali zilikuwa nyingi. Kuna mbwa mwenye kengele ya mbao shingoni, kwa maana mbwa wa pori letu habweki, na bila kengele hujui yuko wapi. Mbwa anaingia upande mmoja, wawindaji wamesimama upande mwingine, na nyama anawajia mwenyewe. Kuna kumwita nyama kwa sauti ya puani, kama mtoto wa mboloko anayelia. Mzee alinifanyia sauti hiyo tukiwa tumekaa chini ya mti, na mbuzi wa jirani aligeuka kuangalia. Kuna kungoja chini ya mti wenye matunda yaliyoanguka. Na kuna upepo: mzee alisema mwindaji anayesahau upepo hata apewe pini kumi atarudi na kiu.

Upinde wenyewe ulikuwa mdogo. Watu wakiona pinde fupi za Batwa na za wawindaji wa msituni huzidharau, wanadhani ni michezo ya watoto. Lakini upinde mrefu ungekwama kwenye kamba za msitu. Upinde mfupi unapita, unavutwa ukiwa umechuchumaa, na kwa hatua 10 una nguvu ya kutosha. Hali ni moja huko Ituri, ambako Waefe wanajulikana kama watu wa upinde wakati majirani zao upande wa magharibi ni watu wa wavu. Wawindaji wa Ituri wana mishale ya namna mbili: yenye chembe ya chuma kwa nyama wa chini, na ya mti mtupu iliyopakwa sumu kwa nyani wa juu ya miti. Mshale wa sumu ni mwepesi na hauhitaji kuingia sana. Ukikwaruza ngozi tu, kazi imeanza. Hiyo nayo ni njia ya kutatua swali la kulenga, kwa sababu mtu wa sumu halazimiki kupiga moyo, inatosha kupiga nyama. Namna sumu inavyopikwa mzee aliijua, na mimi siiandiki hapa.

Nikamwuliza juu ya jicho. Wamarekani wana tundu la kuchungulia. Yeye alikuwa na nini? Akachukua kijiti, akasimama, akavuta uzi ambao haukuwapo. Mkono wake wa kuume ulikuja kukaa kifuani, chini kidogo ya bega, akauachia, akavuta tena, ukakaa pale pale. Mara nne, mara tano, pale pale, sidhani kama ulitofautiana kwa upana wa kidole. Macho yote mawili wazi. Hakuangalia kijiti hata mara moja. Aliangalia jani moja la mgomba, na si jani lote, alisema, bali ule mchaniko wa katikati. Ukiangalia nyama mzima utakosa, ukiangalia unywele mmoja utapata. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na baba yake mdogo. Akiwa mtoto walimviringishia kipande cha shina la mgomba kwenye mteremko, naye akikirushia mishale, mchana kutwa, mpaka mkono ukajua wenyewe.

Ukitazama vizuri, mzee na Mmarekani wanafanya kitu kimoja. Wote wawili wanataka mkono urudi mahali pamoja kila mara, na wote wanataka kujua umbali. Mmoja ameweka ujuzi huo kwenye skrubu na pini, mwingine ameuweka kwenye bega. Tofauti kubwa ni hii: pini zikipotea unanunua nyingine.

Na huyo Mmarekani, yeye alijifunza kwa nani? Hapa historia inatupeleka mbali, lakini ina jambo ambalo mtu aliyekimbia kwao atalielewa haraka.

Mwezi wa Agosti 1911, karibu na mji wa Oroville katika California, alionekana mtu mmoja mwenye njaa, peke yake, nywele zake zimechomwa kama ishara ya msiba. Alikuwa wa mwisho wa kabila la Wayahi. Watu wake walikuwa wameuawa na walowezi, hasa miaka ya 1860, na wachache waliobaki walijificha milimani kwa miaka 40 hivi, wakipika bila moshi kuonekana na kutembea bila kuacha nyayo. Mmoja baada ya mwingine wakaisha, akabaki yeye. Jina lake la kweli hakulitaja kwa mtu yeyote. Wakamwita Ishi, ambalo katika lugha yake ni “mtu”. Wakamchukua wakamweka kwenye jumba la makumbusho la chuo kikuu, San Francisco.

Karibu na jumba hilo palikuwa na daktari wa upasuaji, Saxton Pope. Daktari huyu alimtibu Ishi, na wakawa marafiki. Pope akamwomba amfundishe upinde. Ishi akamfundisha kuchagua mti, kuukausha, kufunga mshipa wa nyama, kuchonga chembe kwa jiwe, na namna ya kuvuta uzi kwa kidole gumba. Akamfundisha pia kuwinda. Ishi alichuchumaa kichakani, akaweka vidole mdomoni na kutoa sauti ya sungura aliyepata shida, na wanyama wakamkaribia. Pope aliandika kwamba kwenye shabaha za majani za michezo Ishi hakuwa hodari sana, lakini kwa mnyama mdogo aliye karibu alikosa mara chache. Niliposoma hayo nilimkumbuka mzee wetu na ile sauti ya puani.

Ishi alikufa kwa kifua kikuu mwezi wa Machi 1916. Pope akaandika kitabu mwaka 1923, na kitabu hicho kikawasha moto katika Marekani: watu wengi ambao walikuwa wameacha upinde tangu bunduki ilipokuja wakarudi kuutafuta. Mwaka 1934 jimbo la Wisconsin likafungua msimu wa kwanza wa kuwinda paa kwa upinde peke yake. Baadaye mtu wa Missouri, Holless Wilbur Allen, akabuni upinde wenye magurudumu; aliomba hati ya ubunifu mwaka 1966 akaipata 1969. Upinde huo unarusha mshale kwa kasi kubwa, na ukifika mita 80 kwa sekunde, kwa mita 20 mshale unashuka sentimita 31 tu, na kwa mita 40 kama mita moja na robo. Ndiyo sababu pini tano zinaweza kukaa ndani ya kiduara kidogo. Ukijaribu kuzifunga kwenye upinde wa mti wa Walikale, pini ya mita 40 ingebidi kuning’inia chini kabisa ya mkono wako, huioni, au unaiona kwa kuelekeza upinde mbinguni. Kwa hiyo vijana wanaoniuliza kama mtu anaweza kutengeneza pini kwa spoku za pikipiki na kuzifunga kwenye upinde wa mti, jibu ni ndiyo, kwa hatua 10 na 20. Zaidi ya hapo ni kupoteza mishale.

Mizizi ya ile video ya kibandani inafika kwa mtu mmoja aliyefukuzwa kwao, ambaye bahati ilimletea mtu wa kumwuliza.

Huyo Pope alifika hata upande wetu wa Afrika. Mwaka 1925 yeye na mwenzake Arthur Young, pamoja na mwandishi Stewart Edward White, walikwenda Tanganyika kuwinda simba kwa upinde. Mishale yao ilipiga simba, lakini bunduki ilikuwa karibu, na mara nyingine ndiyo iliyomaliza kazi. Wenyewe waliandika hivyo, na hilo ni la kuwasifu. Pope alirudi kwao, akafa mwaka uliofuata.

Wakati daktari huyo anawinda simba kwa kujifurahisha na kwa vibali vyote, mambo yalikuwa tofauti kwa wenye pori wenyewe. Kule Kenya, nyuma ya pwani, Wawaata, ambao wengine huwaita Waliangulu, waliwinda tembo kwa pinde ndefu ambazo baadhi zilihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuvuta. Walimwendea tembo mpaka hatua chache, wakapiga mshale wenye sumu tumboni, wakakaa kumngoja aanguke. Bustani ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948 juu ya pori lao. Kuanzia 1956 maafisa wa wanyama, wakiongozwa na David Sheldrick na Bill Woodley, waliendesha msako mkubwa, na kwa muda mfupi karibu wawindaji wote hodari walikuwa gerezani. Baadhi ya maafisa waliowakamata waliona wamefanya jambo zito. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana wa kuwaruhusu Wawaata kuwinda kwa kipimo, lakini haukudumu.

Na kwetu? Mwaka huohuo wa 1925, tarehe 21 Aprili, Wabelgiji walianzisha Bustani ya Albert, ambayo leo ni Virunga, ya kwanza katika Afrika. Ilipopanuliwa miaka iliyofuata, watu waliondolewa. Mwaka 1937 serikali ya koloni ikatoa amri kubwa ya uwindaji na uvuvi. Na mwaka 1937 huohuo ukaanza mpango wa serikali hiyo wa kuleta familia kutoka Rwanda na kuzikalisha Gishari, na baada ya vita vya pili vya dunia upande wa Bashali, Mokoto na Bwito. Sitaki kufungua hapa maneno ya nani alikuja lini. Tumeshamwaga damu ya kutosha kwa hesabu hiyo, na familia zote za Kitshanga zimelala kwenye mahema yaleyale. Ninachotaka kusema ni juu ya miti. Mashamba yalifunguliwa, barabara zikachimbwa, wazungu wakapewa ardhi za kahawa, chai na pareto, na pori la milima ya Masisi likaanza kurudi nyuma. Baada ya sheria ya ardhi ya Julai 1973, mashamba makubwa ya ng’ombe yakaongezeka. Anayesimama leo kwenye kilima juu ya Kitshanga anaona majani mazuri na ng’ombe mpaka macho yanachoka. Ni mahali pazuri sana kwa maziwa. Kwa mtu wa upinde wa hatua 10, hakuna pa kujificha.

Ndiyo maana ujuzi huo ulikufa Masisi mapema, na ukaendelea Walikale kwa muda mrefu zaidi. Batwa waliokuwa wakileta nyama na ngozi kwa mwami walibaki pembeni ya mashamba ya watu wengine, wakifanya kazi za siku. Upande wa Kivu Kusini, Batwa wa Kahuzi waliondolewa msituni katika miaka ya 1970 baada ya bustani ya Kahuzi-Biega kuanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa 1975. Sheria ya uwindaji ya 28 Mei 1982 inadai kibali. Mzee alisema hajawahi kukiona kibali hicho kwa macho.

Katika masimulizi ya zamani mambo yalikuwa mengine. Wanyanga wa Walikale wana hadithi kubwa ya Mwindo, ambayo mtaalamu Daniel Biebuyck aliirekodi mwaka 1956 kutoka kwa mzee Rureke, na ikachapishwa 1969 pamoja na Kahombo Mateene. Humo Mwindo, akiwa tayari mwami, anatamani nyama ya nguruwe wa pori, na anawatuma nani? Anawatuma Batwa wake. Wanakutana na joka Kirimu, ambalo linawameza, na mmoja anapona na kurudi na habari. Mwami anashughulika, anakwenda mwenyewe kupigana. Kwa maana nyingine, mtu wa msituni akipotea, hilo ni jambo la ikulu.

Kisha vita. Machi 1993, mauaji yalianzia kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi yote. Watu walitoka na walichokuwa nacho nyumbani: panga, mkuki, upinde. Tangu hapo upinde ulibadilika maana. Mzee alikuwa bado na wake. Alisema siku moja alikuwa akitoka porini na mboloko mmoja begani, akakutana na watu wenye silaha, na hawakuuliza juu ya mboloko. Waliuliza yeye ni wa kundi gani. Aliwaonyesha nyama, akawapa wote, wakamwacha. Jioni hiyo alivunja upinde juu ya goti, akautia motoni, mishale nayo. Watoto wake walikula mihogo mitupu siku hiyo na nyingine nyingi.

Nilimwuliza kama alijuta. Hakujibu swali hilo. Alisema upinde ni mti tu, unaweza kuchongwa kwa siku tatu, lakini kwa wanawe wanne hakuna hata mmoja aliyepata siku tatu za kukaa mahali pamoja. Walikuwa wakikimbia. Mtoto anayekimbia hajifunzi kuvuta uzi mara elfu.

Wasomaji wengine wataniuliza kwa nini niandike habari za kuwinda wakati nyama wa pori wamekwisha na wengine wanalindwa. Ni kweli, na nasema wazi: sokwe, gorila, okapi, hao hawaguswi, na ndani ya bustani hakuna uwindaji. Lakini wawindaji wa hatua 10 si wao waliomaliza nyama wetu. Bunduki za vita na mitego ya waya za simu na breki ndizo zilizomaliza. Mtego wa waya unakamata mimba na mtoto bila kuchagua. Mtu wa upinde anaona anachopiga. Tarehe 15 Julai 2022 ilitiwa sahihi sheria namba 22/030 ya kulinda na kukuza haki za Batwa, wanaoitwa humo watu asilia Mbilikimo, na inataja haki yao juu ya ardhi na mali ya asili wanayoitegemea tangu zamani. Siku Batwa wa Masisi na Walikale watakapokaa kudai haki hiyo kwa kikao cha kweli, wataulizwa: mliishi vipi porini? Itabidi awepo mtu anayeweza kuonyesha. Watu wa umri wa mzee wetu, wenye ujuzi huo mikononi, wanahesabika.

Siku ya pili ya maongezi yetu, yule kijana wa simu alikuja pia. Alikuwa amechonga upinde wa mwanzi usiku ule, na uzi wa nailoni wa kufungia mizigo ya pikipiki, na mishale mitatu ya mabua yenye ncha butu. Alikuwa amefunga spoku mbili ubavuni, pini zake. Tulikwenda kiwanja cha mpira wakati hakuna mtu. Mzee akageuza upinde huku na huku, akasema uzi ni mzito kuliko mti, lakini utarusha.

Akahesabu hatua nane kutoka kwenye shina la mgomba lililolala, akampa kijana. Mshale wa kwanza ulipita juu, wa pili pia, wa tatu juu kidogo na kushoto. Kijana akataka kusogeza spoku. Mzee akamshika mkono wa kuume, akauvuta nyuma mpaka kifuani, akauweka mahali, akambonyeza hapo kwa kidole. Hapa, akasema. Rudia. Kijana alirudia mpaka mishale miwili kati ya mitatu ikakaa kwenye shina.

Akarudi nyuma mpaka hatua 15, akapata mmoja. Alipotaka kwenda hatua 30 ili ajaribu spoku ya pili, mzee alikwishaanza kutembea kuelekea nyumbani. Alisema bila kugeuka kwamba kule ni mbali, aende karibu.